Mbio za Talaka ya Tatu

Mdomo uliponza kichwa, walisema wa kale, lakini mdomo wa Mufleh haukuridhika na kichwa. Uliponza magoti, ukaponza kucha za miguu, na nusura uiponze nyumba nzima. Wala simsengenyi. Mtaa mzima wa Jabal Taji unaijua habari hii, na asiyeijua ni yule aliyekuwa Kuwait wakati ule.

Mufleh, ambaye kwa jina la mwanawe huitwa Baba Laith, alikuwa fundi wa majiko ya gesi, haya ya kupashia nyumba joto. Baridi ikiingia Amman humpati hata kwa dua. Kiangazi kikiingia hana kazi wala kisingizio. Anashinda mkahawani tangu asubuhi, tumbo limemtangulia mezani, anaropoka. Na alikuwa na ugonjwa wa wanaume wengi wa kwetu, ule wa kuapia ndoa. Neno lake halikuweza kutoka likasimama peke yake. Ukimwambia chai imepoa, atakujibu, "Mke wangu kaachika kama si ya moto." Ukimkaribisha kiti, mke kaachika kama ataketi kabla yako. Wengi huapa hivyo na Mungu huwasitiri, ila Mufleh hakusitiriwa.

Mara mbili kiapo kilimnasa. Ya kwanza ilikuwa kwenye karata: aliapa kwamba mwenzake Awwad ameficha shupaza, na Awwad akafungua mkono, hana shupaza hata ya dawa. Ya pili ilikuwa gurudumu la gari. Aliapa litamfikisha Akaba, likapasuka hata Amman haijapotea machoni. Kila mara mkewe, Intisar, alifunga sanduku akaenda kwa baba yake Madaba, na Mufleh akaenda kwa sheikh wa fatwa.

Sheikh alikuwa mtu mpole mwenye miwani mizito. Alimuuliza, "Ulipotamka, ulikusudia kumwacha mkeo, au ulikuwa unaropoka tu?"

Mwenye akili angesema alikuwa anaropoka, akapewa kafara yake, akaenda zake. Lakini nyuma ya Mufleh kulikuwa na benchi la watu wanaongoja zamu, na Mufleh akaona haya kuitwa mropokaji mbele yao. Akajibu kwa sauti ili na wa mwisho asikie: "Sheikh, mimi neno langu ni neno."

"Basi imepita talaka moja," sheikh akasema.

Mara ya pili swali lilikuwa lile lile, benchi lile lile, na jibu lile lile. Sheikh akavua miwani. "Baba Laith, umebakiwa na moja. Hiyo ikitoka hakuna kurejeana, mpaka mama huyu aolewe na mwanamume mwingine, tena ndoa ya kweli, si ya mchezo. Chunga ulimi wako, na mimi usinijie tena hapa."

Mufleh akauchunga ulimi mwaka mmoja na miezi miwili. Kwa mtu kama yeye ni rekodi.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mwezi wa sita. Walikuwa mkahawani wanakula falafeli, na Awwad, ambaye ni mlinzi wa benki aliyestaafu na huitwa Baba Zaid, akasoma kwenye simu tangazo la mbio za jiji. Kilomita arobaini na mbili, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia Ras al-Ain na kuishia hapo hapo.

"Baba Laith," Awwad akasema, "wewe ukikimbia kutoka hapa mpaka kwa muuza mikate, tutakuzika na mkate mkononi."

Watu wakacheka. Mufleh akasema jeshini alikuwa hashikiki.

"Jeshini hata mimi nilikuwa na nywele. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndugu yangu. Kula falafeli yako."

Wakacheka tena, na mwenye mkahawa naye akacheka, mtu ambaye hata kwenye harusi yake hakuonyesha jino. Mufleh akasikia damu inapanda. Falafeli bado imo mdomoni, akapiga meza: "Mke wangu kaachika nisipozikimbia mbio hizo mwanzo mpaka mwisho, na nikafika kabla ya adhana ya Ijumaa."

Aliyekuwa anavuta buruma akautoa mrija mdomoni akausahau mkononi. Awwad alikuwa amebadilika rangi. "Astaghfirullah," akasema polepole. "Irudishe, Baba Laith. Nilikuwa nakutania."

Mufleh mwenyewe alikuwa bado anatafuna, na akatafuna muda mrefu sana, maana alijua akishameza itabidi aseme kitu. Kusema nini sasa? Maji yakimwagika hayazoleki.

Kutoka mkahawani mpaka kwake ni ngazi mia na arobaini, na habari hupanda ngazi zile upesi kuliko mtu. Alimkuta Intisar jikoni anatoboa mamumunye ya kujaza wali. Mama huyu hakuwa mtu wa makelele. Hakuinua hata macho.

"Kilomita ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na mwisho ni adhana."

"Ndiyo."

"Miezi minne," akasema, akachukua mumunye jingine. "Utahitaji viatu."

Mufleh alisimama mlangoni akingoja kilio, au sanduku, au angalau mumunye limrukie. Hakikuja kitu. Hapo ndipo alipoogopa kweli, na usiku ule hakugusa chakula. Alimpenda mkewe, jamani. Miaka ishirini na mitatu, na alikuwa hajawahi kumwambia, kwa kuwa aliona ni jambo linalojulikana, kama bei ya mkate. Kwa sheikh hakuthubutu kwenda. Alisema moyoni, afadhali nife barabarani kuliko kukaa tena mbele ya miwani ile. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi ilikuwa fedheha. Kwetu Jabal Taji mtu mzima hakimbii bila sababu. Wa kwanza kumwona alikuwa mwokaji, akauliza nani amekufa. Mufleh hakuwa na pumzi ya kumjibu, na mwokaji akaona msiba ni mkubwa, akafunga tanuri akamfuata. Kwenye kona wakamkuta muuza gesi, naye akadhani wanafukuza mwizi, akachomoa spana. Mpaka wanafika msikitini walikuwa tisa, wanne wanalia na watano wana silaha, na Mufleh yuko mbele ameshika ubavu, anawaashiria warudi.

Lakini alirudi kesho yake. Intisar alikuwa anamwamsha baada ya alfajiri, kila siku, kwa maneno yale yale: "Amka, Baba Laith, ndoa yako inakungoja barabarani." Hakusema zaidi. Alimpimia wali, akamficha sukari, akamwekea maji ya chumvi ya kulowekea miguu. Sigara zilipotea zenyewe kwenye mfuko wa koti, na Mufleh hakuuliza. Kufikia mwezi wa tisa alikuwa anakimbia kilomita ishirini bila kufa, tumbo limerudi ndani ya mkanda, na kiapo cha ndoa hakijamtoka tena. Kila kilipofika mlangoni mwa meno alikuwa anakimeza kama kidonge.

Ijumaa yenyewe ikafika. Ras al-Ain ilijaa watu maelfu, vijana wa nguo za kubana, wageni wembamba kama vijiti vya mishikaki, na Mufleh katikati yao, miaka arobaini na minane, namba kifuani, suruali ya mazoezi ya mwanawe Laith imemfika chini ya goti. Intisar alimpa tende saba kwenye kitambaa.

"Nitakuwa pale mwisho," akasema. "Mimi na Baba Zaid."

"Intisar," Mufleh akasema, "nikichelewa..."

"Kimbia kwanza."

Akakimbia. Na kosa lake la kwanza lilikuwa adabu. Barabara nzima watu walikuwa wamejipanga wakitoa salamu, na Mufleh alilelewa vizuri, salamu haimpiti. Kila aliyemwambia salaam alaykum alimrudishia kamili, na rehema zake na baraka zake, na wazee aliwaongezea Mungu akupe umri. Mzee mmoja alimuuliza yeye ni wa ukoo gani, na Mufleh, jamani, alianza kumjibu, akaenda kinyumenyume ili asimpe mgongo. Kufika kilomita ya kumi na mbili alikuwa ametumia pumzi nyingi kwa salamu kuliko kwa miguu. Ndipo akaamua kuweka tu mkono kifuani na kupita, na roho ikamuuma kama mtu aliyetukana.

Ukichora Amman kwenye karatasi hakuna barabara inayoshuka isipande tena. Kufika kilomita ya thelathini Mufleh alikuwa anazungumza na goti lake la kushoto. Alilibembeleza, akaliahidi mafuta ya kuchua, akalikumbusha kwamba na lenyewe limekula kwa mkono wa Intisar miaka yote hii. Wenye kasi walikuwa wameshapita zamani. Aliobaki nao ni mama mmoja wa Kijerumani anayetembea na fimbo mbili, na mtu aliyevaa kama ngamia kwa tangazo la maziwa. Yule ngamia alikuwa mbele yake.

Lakini alikuwa bado kwenye hesabu yake. Saa tano kamili alifika kilomita ya thelathini na tano. Adhana ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Kilomita saba, dakika themanini. Hata akijikokota angefika. Alianza kutabasamu peke yake, na tabasamu lile halijamaliza kukaa usoni ndipo akaliona hema.

Lilikuwa hema kubwa jeusi, nusu limo uwanjani na nusu limekula barabara, viti vimepangwa, masinia ya mansafi, wali kwa nyama ya kondoo, yanafuka moshi. Mwenye hema aliitwa Baba Ghaleb, mtu mpana mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Mwanawe alikuwa amerudi juzi kutoka Ukraine na shahada ya udaktari wa meno, na baba alikuwa amechinja kondoo kumi na mmoja. Sasa alisimama katikati ya barabara na kanzu yake nyeupe, akamwona mwanamume mtu mzima anakuja, peke yake, jasho linamtiririka, uso wa mtu asiyekula tangu juzi. Apite mlangoni kwa Baba Ghaleb na njaa? Siku kama ile? Akanyanyua mkono.

"Mke wangu kaachika," akanguruma, "ukipita hapa bila kula."

Mufleh akasimama kama aliyegonga ukuta. Katika Amman nzima hakuna aliyejua uzito wa neno lile kama yeye.

"Bwana mkubwa," akasema huku anahema, "kiondoe kiapo. Na mimi nimeapa."

"Umeapa nini?"

Akaeleza. Wageni wakatoka hemani, wakamzunguka, na mjadala ukaanza. Wetu wakikutana watatu wameshakuwa kamati. Mwalimu mmoja mstaafu alisema kiapo cha zamani ndicho chenye nguvu. Mwingine akasema hapana, mwenye nyumba hutangulizwa. Wa tatu akapendekeza watumwe wazee wawili kwa Intisar wakaombe radhi ya muda. Wakaanza kuchagua wazee. Mufleh alikuwa anarukaruka mahali pamoja kama anayebanwa na mkojo.

Hapo wakapasuliwa njia na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwiko wa mchuzi mkononi. Ndiye Mama Ghaleb, yule aliyekuwa nusu ameachika.

"Nyamazeni nyote," akasema. Akamgeukia Mufleh. "Mwanangu, huyu bwana nimemvumilia miaka thelathini na tisa, yeye na vidonda vyake vya tumbo. Siwezi kuachika leo, mwanangu ndiyo kwanza amekuja na shahada. Watu watasema nini? Kula."

"Mama, nikila nitachelewa, na wangu ataachika."

"Basi kula upesi."

Mansafi kwetu huliwa kwa kusimama, mkono wa kulia unafinyanga tonge na wa kushoto uko mgongoni, na hilo lilimfaa. Akafinyanga tonge la wali na mchuzi wa maziwa, linaunguza, akalimeza zima akageuka aende.

"Huko ni kuonja," Baba Ghaleb akasema. "Mimi niliapa kula."

Akarudi. Akala nyama. Wakamgeuzia kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni, na daktari mwenyewe akaja kumtolea ulimi. Kabla ya kuutoa akayaangalia meno ya yule kondoo moja moja na kuyasifu. Mufleh akaumeza ulimi wakati shingo yake imeelekea barabarani. Ikaja kahawa. Kwetu ukitosheka unatikisa kikombe, na mkono wa Mufleh ulikuwa unatetemeka wenyewe kwa uchovu, kwa hiyo mmiminaji akadhani ametosheka akampita. Hiyo ndiyo riziki pekee iliyomfikia kwenye hema lile.

"Amekula," Mama Ghaleb akatangaza. "Mashahidi mpo. Nenda, mwanangu."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Mufleh akapiga hatua kumi, na tumbo likapiga hatua ya kumi na moja peke yake. Lakini Mama Ghaleb alikuwa anaangalia mbali zaidi. Barabara ile mpaka chini ilikuwa na wanaume kwenye viti vya plastiki, wanaume kwenye roshani juu, wanaume mlangoni mwa maduka yaliyofungwa, na wote walikuwa wameona mgeni amekula kwa Baba Ghaleb. Nani angekubali ipite hivyo? Midomo ilishaanza kufunguka.

Mama Ghaleb akavuta pindo la gauni, akamtangulia Mufleh na ndara za plastiki, mwiko juu, akipiga kelele za kusikika Damaski: "Enyi wanawake! Mshikeni kila mmoja mdomo wa mumewe! Kuna mtu anapita!"

Mungu awape afya wanawake wa mtaa ule, hawakuuliza kwa nini. Mama mmoja alimziba mumewe kwa kiganja chenye unga. Mwingine alimtia wake kipande cha mkate wa moto kinywani. Kwenye roshani bibi mmoja alimfunika mzee wake kwa blanketi lote, kichwa na miguu, mzee akabaki anaapa ndani ya sufu na kisisikike kitu. Mufleh alikimbia katikati yao wakati wanaume kushoto na kulia wananguruma puani kama majiko yenye gesi chafu. Kinyozi mmoja tu hakuwa na wa kumziba, akasimama mlangoni akatoa kiapo kizima: mke wake kaachika Mufleh asipokunywa chai.

"Wewe huna mke, Shaher," Mama Ghaleb akamwambia bila kupunguza mwendo. "Apa unavyotaka."

Mwisho wa barabara akasimama, ameshika kiuno. "Mimi naishia hapa. Msalimie mkeo. Na ukitoka salama, mwanangu, huo mdomo wako ushone."

Mansafi ina jambo moja ambalo kila mtu wa kwetu analijua: ukishaila, unalala. Si uvivu, ni maziwa yale. Kufika kilomita ya thelathini na nane macho ya Mufleh yalikuwa yanafumba yenyewe. Alijipiga makofi. Aliona kwenye ukuta tangazo la magodoro akalitamani kama Pepo. Ya thelathini na tisa aliitembea. Ya arobaini aliikimbia nusu, akijiambia jina la mkewe kwa kila hatua, In-ti-sar, In-ti-sar, na mtu aliyesimama na mbwa wake akampisha kwa woga. Saa sita na dakika tano. Saa sita na kumi na mbili. Mlima wa mwisho ukamsimamia mbele, mfupi lakini mchoyo.

Alikuwa nusu yake adhana ilipotoka.

Katika miji mingine ungepata muadhini mvivu wa kujitetea naye. Amman sivyo. Adhana yetu ni moja, hutoka kwa sauti moja kwenye minara yote kwa wakati mmoja, na siku ile ilimjia Mufleh kutoka mbele, nyuma na juu. Hakukuwa na upande wa kusikia vingine. Akasimama. Kisha akaketi ukingoni mwa barabara, akaweka mikono kichwani. Talaka ya tatu. Kwa falafeli.

Likaja basi la kuokota waliochoka, likasimama, mlango ukafunguka kwa upole. Ndani mlikuwa na baridi, viti laini, na yule ngamia amelala ameegemea dirisha, kichwa chake cha sufu kimeketi kiti cha pili.

"Panda, mjomba," dereva akasema. "Mbio zimekwisha. Tunakushusha popote."

Popote. Mufleh akafikiri: nishushwe kituo cha mabasi ya Kusini, niende Akaba, nisionekane tena. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Na hapo akamwona Intisar kwa macho ya moyo, ameketi pale mwisho anangoja, na watu wakiulizana yule mume yuko wapi. Mara mbili alimtumia talaka kwa maneno ya watu, na mara zote mbili yeye mwenyewe hakuwapo. Ya kwanza Intisar aliisikia kwa jirani. Ya pili aliletewa na shemeji. Hii ya tatu angalau amwambie yeye, kwa mdomo huo huo, uso kwa uso.

Akatoa mguu kwenye ngazi. "Nenda, mwanangu. Kuna mtu ananingoja."

Akaumaliza mlima. Hakutembea, nakuambieni, alikimbia, vibaya, goti linavuta upande na viatu vinapiga kofi, lakini alikimbia. Ras al-Ain ilikuwa karibu tupu. Wengi walikwenda kusali, vikombe vya karatasi vinaviringika, na vijana wawili walikuwa wanaikunja bendera ya mwisho. Walipomwona wakasita, wakaikunjua tena nusu, akapita chini yake ameinama. Awwad alikuwa pale, na Intisar kwenye kiti cha kukunja.

Awwad akamkimbilia kwanza. "Saa yangu imesimama, Baba Laith. Naweza kuapa kwamba..."

"Usiape, Baba Zaid," Intisar akasema.

Mufleh akaenda mpaka mbele ya mkewe, akashindwa kusimama, akaketi chini kwenye lami. "Wameadhini," akasema.

"Nimesikia. Amman nzima imesikia."

"Nimechelewa dakika kumi na tisa." Machozi yakaanza, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo hakujua pa kuyaficha, yakachanganyika na chumvi na mchuzi wa mansafi uliokauka kidevuni. "Intisar, nimekuacha na sikutaka. Zile mbili za kwanza sikukutaka radhi hata siku moja, nilikuwa najali benchi. Hii sikuitaka hata kidogo. Wewe ndiye nyumba yangu. Nimekuja kukuambia mwenyewe, ndiyo maana sikupanda basi."

Intisar akamtazama kama mtu anayetazama sufuria kujua iwapo wali umeiva.

"Hujaniacha," akasema. "Siku ya tatu baada ya kiapo nilikwenda kwa sheikh na Baba Zaid na wenzake wawili. Wakamweleza falafeli na yote. Sheikh akasema mtu huyu alitaka kujilazimisha kukimbia, hakutaka kuacha mke. Ukishindwa, ulishe maskini kumi. Basi."

Mufleh akamgeukia Awwad. Awwad alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Tangu siku ya tatu?" Mufleh akauliza. "Miezi minne? Mama Laith, kucha zangu mbili zimeng'oka."

"Tatu. Moja ulikuwa hujaiona."

Hasira zikampanda, zikakuta hakuna nguvu za kuzibeba, zikashuka. Vijana wale walikuwa wamemaliza kukunja bendera, sasa wanapakia viti.

"Kwa nini, lakini?" akauliza. "Ungeniacha nijiue?"

Intisar akainama, akaanza kumfungua kiatu cha kushoto, taratibu, kwa kuwa soksi ilikuwa imeganda na damu.

"Kiapo chako hakikuwa na kitu," akasema. "Changu kilikuwa nacho. Nami niliapa, siku ile ile, jikoni: usipofika mwisho kwa miguu yako, narudi Madaba, na safari hii sitafuatwa na mtu. Sanduku limo chini ya kitanda tangu mwezi wa sita, limefungwa."

Mufleh akapoa mwili mzima. Akaliona tena moyoni lile basi, mlango wazi, na mguu wake mmoja kwenye ngazi.

"Na adhana?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Adhana uliiweka wewe," Intisar akasema, akavuta soksi. "Mimi sikuweka saa."